Flaiwili na klachi kwenye magari ya mashindano ya zamani: chuma kipi, klachi ipi, na ngao ipi ya kukinga miguu

Gari la mashindano la miaka ya 1960 au 1970 linaweza kufungwa roli keji mpya, mikanda ya pointi sita na mtungi wa kuzimia moto, kisha likaingia mbioni na flaiwili (gurudumu zito la chuma nyuma ya injini, ambalo klachi hushika juu yake) ile ile iliyotoka nayo kiwandani. Kwenye magari mengi yenye injini mbele, flaiwili hiyo huzunguka karibu na pedali, ndani ya kasha la alumini lenye unene wa milimita chache tu. Ikipasuka, hakuna muda wa kuondoa mguu.

Mwenye gari ana mambo matatu ya kuchagua: flaiwili ya chuma gani, klachi ya aina gani, na ngao gani ya kuzuia vipande. Wengi huanza na ngao kwa sababu ndiyo inayoonekana na ndiyo mkaguzi anayoiulizia. Sisi tunaanzia upande wa pili. Ngao ni ya siku ambayo mengine yote yameshindwa, na kwenye gari la kawaida lililogeuzwa kuwa la mashindano ni nadra kupata nafasi ya kuizungusha pande zote bila mwanya.

## Nguvu inayopasua

Chukua flaiwili ya kipenyo cha milimita 280. Kwa mizunguko 7000 kwa dakika, ukingo wake unakimbia mita 103 kwa sekunde, yaani karibu kilomita 370 kwa saa. Mkazo unaoupasua ukingo huo hukua kwa mraba wa mizunguko. Ukitoka 7000 kwenda 9000 umeongeza mizunguko kwa asilimia 29, lakini mkazo umepanda kwa asilimia 65. Ndiyo maana flaiwili iliyodumu miaka 40 kwenye gari la kwenda kazini inaweza isimalize msimu mmoja baada ya injini kufungiwa kemshafti kali na kabureta mbili za Weber.

Flaiwili hiyo ikiwa na kilo 9, inabeba nishati ya takriban kilojuli 24. Ni sawa na gari la tani moja kuachiwa lidondoke kutoka urefu wa karibu mita mbili na nusu. Vipande navyo haviruki ovyo kila upande: vinatoka kwenye bapa lile lile ambalo flaiwili inazungukia. Jambo hili ndilo linaloamua ngao ikae wapi, bomba la breki na la mafuta lipite wapi, na fundi asisimame wapi injini inapopigwa resi gereji.

Hatari ambayo madereva wengi hawaihesabu ni kushusha gia kimakosa. Giaboksi ya Ford Type 9, ambayo hufungwa sana kwenye Escort za zamani, ina gia ya nne ya uwiano 1.00 na ya pili ya 1.97. Dereva akiwa mizunguko 7000 kwenye gia ya nne, akataka ya tatu lakini akaingiza ya pili, magurudumu yanaizungusha pleti ya klachi kwa mizunguko 13,800 hivi. Hilo linatokea hata kama mguu bado umekanyaga klachi, kwa sababu pleti imeungana na giaboksi, si na injini. Mkazo kwenye pleti umekuwa karibu mara nne. Akiachia pedali, flaiwili na krenkishafti (mhimili mkuu wa injini, krenki kwa kifupi) nazo zinavutwa huko huko. Kifaa cha kuzuia mizunguko kisizidi hakisaidii chochote hapo: kinakata moto wa plagi tu, wakati kinachoizungusha injini sasa ni magurudumu.

## Flaiwili: chuma cha kusubu, stili au alumini

| Chuma | Gramu kwa sentimita ya ujazo | Nguvu kabla ya kukatika (MPa) | Mkazo wa ukingo, 280 mm, mizunguko 7000 (MPa) |
|---|---|---|---|
| Chuma cha kusubu cha kijivu, daraja la 250 | 7.2 | 250 | 76 |
| Chuma cha kusubu chenye grafiti ya vidonge | 7.1 | 400–600 | 75 |
| Stili EN24T | 7.85 | 850–1000 | 83 |
| Alumini 6061-T6 | 2.7 | 310 | 28 |

MPa ni megapaskali, kipimo cha mkazo. Usiisome safu ya mwisho peke yake. Huo ni mkazo wa ukingo usio na tundu. Pembeni mwa tundu la bolti mkazo unaweza kufika mara tatu ya ule unaolizunguka, na flaiwili ina matundu ya bolti za krenki, ya bolti za presha pleti (kifuniko chenye springi kinachoibana pleti ya klachi kwenye flaiwili) na ya pini. Chuma cha kijivu chenye mkazo wa 76 kikifika mara tatu tayari kiko 228, nacho hukatika kwa 250. Flaiwili nyingi za zamani, tena, hazikufikia hata daraja hilo. Ndani ya chuma cha kijivu grafiti imekaa kama vipande bapa, na ufa hupita kutoka kipande hadi kipande bila chuma kupinda kwanza. Hakitanuki wala hakipindi, hukatika.

Kwa hiyo kosa kubwa zaidi katika kazi hii ni kupunguza uzito wa flaiwili ya kijivu ya kiwandani kwa kuikereza mgongoni. Fundi anatoa kilo mbili au tatu, gari linapata wepesi wa kupanda mizunguko, na kilichobaki ni utando mwembamba kati ya kitovu na ukingo, wenye kona kali mahali chombo cha kukerezea kiliposimama. Kama kulikuwa na kiputo cha hewa ndani tangu chuma kilipomiminwa, sasa kiko karibu na uso. Flaiwili iliyopunguzwa hivyo miaka ya 1970 bado inauzwa kama kifaa halisi cha enzi hizo, na ni kweli ni cha enzi hizo, lakini nafasi yake ni rafu ya kumbukumbu.

Chuma cha kijivu kinaweza kubaki garini iwapo kina uzito wake wa kiwandani, injini haipiti kikomo chake cha kiwandani, na flaiwili imekaguliwa nyufa kwa unga wa sumaku kila klachi inapofunguliwa. Kwa kipenyo cha 280 mm, kikomo chetu ni mizunguko 6000. Ukiwa na mashaka, rangi ya kupenyeza ya kopo inatosha kuonyesha nyufa za juu. Nyufa fupi fupi za joto kwenye uso wa msuguano zinaweza kuondolewa kwa kukereza kidogo, mradi unene wa chini wa mtengenezaji ubaki. Ufa unaofika kwenye tundu lolote au kwenye ukingo hautengenezwi. Kuchomelea flaiwili usifikirie kabisa.

Stili iliyokerezwa kutoka bonge moja ndiyo chaguo letu kwa karibu kila gari la zamani linalokimbia kwa ushindani. EN24T ina nguvu zaidi ya mara tatu ya chuma cha kijivu na, la muhimu zaidi, hupinda na kurefuka kabla ya kukatika. Hata flaiwili ya stili ya kilo 5 au 6 inaacha akiba kubwa. Dosari zake ni bei, na tabia ya kujipinda kidogo ikiungua: klachi ikiteleza sana, uso hugeuka bluu na kuwa kama sahani, kisha klachi inaanza kutetemeka unapoondoka. Wauzaji wengine hutumia EN8, ambayo ni dhaifu kuliko EN24T lakini bado iko mbali juu ya chuma cha kijivu. Uliza ni stili gani, na uombe cheti cha chuma hicho. Asiyeweza kukujibu huenda amekereza bamba aliloliokota.

Alumini huwachanganya watu. Ukitazama jedwali, ndiyo inayoonekana salama kuliko zote: mkazo 28 dhidi ya nguvu 310. Kwa mzunguko mtupu ni kweli, kwa kuwa ni nyepesi. Shida yake ni joto. 6061-T6 ikikaa kwenye nyuzi 200 hupoteza sehemu kubwa ya nguvu, na ikipoa hairudishi yote. Uso wake wa msuguano ni ringi ya stili iliyofungwa kwa bolti ndogo au ribiti, na klachi ikiteleza ringi hiyo hutanuka kwa kiwango tofauti na alumini iliyoishika. Bolti hulegea, ringi huanza kucheza. Pia alumini haina kiwango cha mkazo ambacho chini yake haichoki kabisa. Kila kuwasha na kuzima kunahesabiwa, hivyo iwekee umri na uitupe ukifika. Kwa mbio fupi za saketi au za kupanda kilima inafaa. Kwa hatua za East African Safari Classic, ambayo imekuwa ikikimbiwa tangu 2003, pale ambapo gari linaweza kunasa kwenye tope jeusi na dereva akaichoma klachi dakika nzima kujinasua, tusingeifunga.

Kabla ya kulipa, soma karatasi ya homologesheni ya gari, yaani ile ya vipimo vyake vilivyoidhinishwa kwa mashindano. Karatasi nyingi za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, za miaka ya 1960 zinaandika uzito wa flaiwili, na gari linalokimbia chini ya Nyongeza K, kanuni za FIA za magari ya kihistoria, hubanwa na vipimo vya kipindi chake. Flaiwili ya stili inaweza kukerezwa kwa uzito huo huo wa kwenye karatasi. Unapata usalama bila kuonekana umeiba kilo.

## Klachi: springi za koili, dayaframu, au pleti nyingi ndogo

Presha pleti ya springi za koili ndiyo iliyokuwa kwenye magari mengi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Jaguar E-Type ya lita 3.8 ilikuwa nayo, na ile ya 4.2 ikahamia dayaframu, yaani springi moja kama sahani yenye vidole. Ya koili ina vipande vingi: springi, vikombe, vidole vya kuachia, pini na nati za kurekebishia. Kila kimoja kinavutwa nje na mzunguko. Kidole kikikatika kinaruka ndani ya kasha, kinagonga flaiwili, na balansi inaharibika papo hapo. Pia ringi yake ya kubana ni chuma kile kile cha kijivu tulichokikataa hapo juu. Watu hununua flaiwili ya stili kwa gharama kubwa wakaifungia presha pleti ya zamani, wakidhani wamemaliza.

Dayaframu ya pleti moja ina vipande vichache, hubalansika vizuri na ni laini mguuni. Kwa gari la barabarani linaloshindana mara chache, ya mtengenezaji anayejulikana na iliyopimwa kwa mizunguko ya juu inatosha. Upungufu wake ni kwamba mizunguko ikipanda sana, vidole vya springi vinaweza kukataa kurudi na pedali ikabaki chini. Na ukiikanyaga kupita kipimo, vidole vinapinda kidogo kidogo hadi kimoja kikatike. Weka kizuizi cha pedali. Bolti moja yenye nati ya kufungia, iliyochomelewa mabano yake kwenye ukuta wa pedali, inazuia uharibifu ambao watu huusingizia kiwanda.

Klachi ya pleti mbili ya milimita 184, ile ya inchi 7.25 ambayo Borg & Beck walizitengenezea hata gari za Formula One zenye injini ya Cosworth DFV, ndiyo salama kuliko zote kwa upande wa kupasuka. Mkazo unafuata mraba wa kipenyo. Ukiitoa klachi ya 228 mm na kufunga ya 184, kwa mizunguko ile ile mkazo wa ukingo unashuka kwa asilimia 35. Kwa injini inayopita 8000 mara kwa mara hatuoni sababu ya kufunga nyingine. Gharama yake si fedha tu: mwendo wa pedali ni mfupi na mkali, haivumilii kutelezeshwa, na kuondoka mlimani au kwenye foleni ya kuingia jukwaani kunahitaji mazoezi. Inadai flaiwili yake bapa ya stili. Beringi yake ya kuachia lazima iwekwe kwa vipimo vya mtengenezaji. Mwendo ukizidi, unaua springi.

Kuhusu pleti yenyewe: lainingi ya ogani iliyopigwa ribiti ni laini kwa giaboksi lakini ndiyo inayopasuka kwanza kwenye lile kosa la gia. Vipande vyake peke yake kwa kawaida havitoboi kasha, ila vinajaza nafasi, klachi haiachii, na dereva anafika konani gari likiwa bado linasukumwa. Pleti ya pedo za metali iliyookwa inastahimili zaidi. Kwa upande mwingine, inapiga giaboksi na ekseli ya nyuma kila inaposhika, na kwenye giaboksi dhaifu ya zamani utahamisha tatizo tu kutoka kasha moja hadi lingine. Epuka pleti yenye kitovu cha mpira, kama ile iliyokuja na Porsche 911 SC. Mpira hukauka, huvunjika, na vipande vinakwama humo ndani.

## Ngao

Tarehe 8 Machi 1970, kwenye uwanja wa Lions karibu na Long Beach, California, giaboksi ya gia mbili ya gari la dereva Don Garlits ililipuka likiwa linaanza mbio na kumkata sehemu ya mguu wa kulia. Mwaka uliofuata alirudi na gari lenye injini nyuma ya dereva, na mbio za dragsta, zile fupi za mstari ulionyooka, zikamfuata. Kwenye gari la zamani huwezi kuihamisha injini, hivyo unabaki na bamba, kasha au blanketi.

Kasha zima la stili lenye cheti cha SFI 6.1 (SFI ni taasisi ya Marekani ya viwango vya vifaa vya mashindano) ndilo bora, mahali linapopatikana. Linakuja na bamba la kukaa kati ya injini na kasha, na linazunguka pande zote. Lakini linatengenezwa zaidi kwa injini za V8 za Marekani: Ford za Mustang, Falcon na Cobra, na Chevrolet. Uzito unaongezeka kwa kilo kadhaa. Halipaswi kutobolewa, kukatwa wala kuchomelewa. Ukilifanya hivyo cheti chake kimekufa. Kuna kazi moja ambayo mafundi huiruka: kulisawazisha na krenki. Funga saa ya kupimia kwenye flaiwili, zungusha krenki, pima tundu la kati la kasha. Kuyumba kwote kwenye saa kusizidi 0.13 mm. Kukizidi, tumia pini zenye kitovu cha upande hadi kirudi. Kasha lililokaa upande huvunja kitovu cha pleti na kula beringi ya mbele ya giaboksi, na utalaumu klachi.

Bamba la stili ndilo suluhisho la magari ya Ulaya na Japani. Kanuni za SCCA, chama cha mbio za magari cha Marekani, zimekubali kwa muda mrefu stili ya aloi ya 4130 ya 3.2 mm, stili laini ya kawaida ya 6.35 mm, au alumini ya 6.35 mm. Kwa bamba la upana wa 200 mm na urefu wa 900 mm, uzito ni kilo 4.5, kilo 9 na kilo 3 kwa mfuatano huo. Tungechukua 4130. Alumini ya unene huo inaruhusiwa, ila kwenye tuta la sakafu, lile linalofunika giaboksi, ambalo bomba la ekzosti limepita chini yake hatungeiamini. Bamba livuke flaiwili na presha pleti kwa angalau 25 mm mbele na nyuma, lizungushwe juu ya tuta na lishuke pande zote mbili hadi chini ya usawa wa krenki. Lifungwe kwenye chasisi au kwenye reli za sakafu kwa bolti za M10 za daraja 8.8, kila moja ikiwa na bamba dogo la nyuma. Bolti iliyofungwa kwenye bati la sakafu peke yake inang'oka nalo. Acha nafasi ya kama 15 mm kati ya bamba na kasha, la sivyo injini ikitikisika kwenye mpira wake italigonga kila mara.

Blanketi la aramidi au nailoni ya balistiki ni jepesi na linaingia mahali bamba haliingii. Linafanya kazi kwa kunyumbulika, kwa hiyo linahitaji nafasi ya kufutukia, na mikanda yake ndiyo inayobeba kila kitu. Adui zake ni mafuta, jua na ekzosti. Na soma lebo: SFI 4.1 ni ya giaboksi za otomatiki. Blanketi lenye lebo hiyo halikupimwa kwa flaiwili ya chuma, hata muuzaji akisema nini.

Kuna wanaotegemea kasha la kiwandani. Kasha la alumini la kiwanda lilitengenezwa kushika giaboksi na kuzuia vumbi, basi.

## Kufunga

Flaiwili nyingi za stili zinazoharibika hazipasuki zenyewe. Bolti zinalegea, matundu yanakuwa mayai, ufa unaanzia hapo. Safisha uso wa krenki hadi uwe mkavu kabisa, ondoa kila kijiwimbi kwa jiwe la mafuta. Tumia bolti mpya kila mara, na gundi ya nguvu ya kufungia nyuzi za bolti. Kaza kwa kuvuka upande hadi upande, hatua tatu, ya mwisho kwa spana ya torki kwa kipimo cha injini hiyo, si cha injini inayofanana nayo. Kisha pima kuyumba kwa uso karibu na ukingo: kisizidi 0.1 mm. Kikizidi, fungua, kuna uchafu.

Presha pleti lazima ikae kwenye pini zake tatu. Bila pini inashikwa na nafasi ya matundu ya bolti tu. Presha pleti ya kilo 5 iliyokaa upande kwa milimita 0.2 inazalisha gramu-milimita 1000 za kukosa balansi. Daraja la balansi la G6.3, kwa mkusanyiko wa kilo 14 kwa mizunguko 7000, linaruhusu kama 120. Nguvu ya hiyo milimita 0.2 ni karibu nyutoni 540, ikizunguka na krenki mara 117 kila sekunde, na inazila bolti ulizokaza kwa uangalifu. Balansi krenki, flaiwili na presha pleti pamoja, kisha weka alama ya rangi ili zirudi zilivyokuwa.

Ringi ya meno ya stata ipashwe moto hadi nyuzi 200 au 250 tu, ikae yenyewe bila kupigwa nyundo. Ikigeuka bluu iliyokolea umepita, na meno yake yamepoteza ugumu.

Ukiwa chini ya gari, hamisha bomba la mafuta, la breki na waya mkubwa wa betri kutoka kwenye bapa la flaiwili. Visipohamishika, vipite nje ya bamba.

## Gari kwa gari

Ford Escort, iliyoshinda Safari mwaka 1972 mikononi mwa Hannu Mikkola na tena 1977 na Björn Waldegård, ndiyo kesi ya wazi kuliko zote. Flaiwili iko karibu na miguu. Kwa injini ya Pinto au Crossflow inayoishia 7000: flaiwili ya stili, dayaframu nzuri, bamba la 4130. Kwa injini ya BDA inayopanda zaidi ya hapo, klachi ya 184 mm.

Datsun 240Z ina krenki ndefu ya silinda sita, na krenki ndefu hujisokota. Msokoto huo ndio unaolegeza bolti za flaiwili injini ikikaa mizunguko ya juu kwa muda mrefu. Hapa damper (kizuia msokoto) nzuri mbele ya krenki ni kifaa cha usalama wa flaiwili, na pesa zake zitoke kabla ya za kupunguza uzito. Usiifunge flaiwili nyepesi sana.

Kwenye Porsche 911 flaiwili iko nyuma ya viti, hivyo miguu imesalimika, lakini makasha ya giaboksi ya sehemu kubwa ya miaka ya 1970 ni ya magnesi, na mgongo wa dereva hauko mbali. Krenki za zamani zina bolti sita za flaiwili, na kuanzia SC ya 1978 ni tisa. Usinunue flaiwili kabla ya kuhesabu. Bamba likae kwenye ukuta wa nyuma ya viti, juu ya bapa la flaiwili.

Mini ni kinyume cha yote. Injini imelala kwa upana, flaiwili iko upande wa kulia, na bapa lake linaelekea mbele na nyuma. Kwenye gari la usukani wa kulia, nyuma ya bapa hilo imo miguu ya dereva. Flaiwili inashikwa na koni ya krenki na bolti moja kubwa, inayokazwa takriban Nm 150. Koni ikiwa na mafuta, au isiposuguliwa na flaiwili hiyo hiyo hadi igusane kote, inateleza, inachimbika, na mwisho inakatika. Hapa flaiwili ya stili na bamba kwenye ukuta wa injini ni vya lazima.

Magari ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, kama Bentley 3 Litre yenye klachi ya koni, hudhaniwa salama kwa kuwa hayafiki mizunguko mingi. Hesabu kwanza kipenyo. Flaiwili ya milimita 400 kwa mizunguko 5000 ina kasi ya ukingo ya mita 105 kwa sekunde, juu kidogo ya ile ya 280 mm kwa 7000, na chuma chake kina umri wa karibu miaka 100. Sakafu ni mbao. Mwenye gari la namna hii aliyebadilisha pistoni na fimbo ili apate mizunguko 1000 ya ziada aikague flaiwili kwa unga wa sumaku kabla ya kuwasha, aikereze mpya ya stili ikionyesha ufa, na aweke bamba la stili la 6.35 mm chini ya mbao za sakafu, lililofungwa kwenye chasisi pande zote mbili.